Mbwa dume kijana akianza kunyanyua mguu sebuleni

Kona ya kochi. Mguu wa meza ya televisheni. Gunia la mchele jikoni, mtungi wa gesi, viatu vya mgeni alivyovivua mlangoni. Ukikuta mkojo wa mbwa kwenye vitu vya namna hii, tena kidogo tu kama kijiko kimoja au viwili, umepiga ubavuni ukachuruzika hadi chini, usihangaike kumfundisha choo upya. Choo anakijua. Huyo anaweka alama, na hilo ni jambo lingine kabisa.

Madume wengi huanza kati ya miezi 6 na 12. Wa jamii ndogo huwahi, wakubwa kama German Shepherd na Boerboel huchelewa, wengine hadi wavuke mwaka. Wiki moja bado anachuchumaa kama mtoto, wiki ya pili mguu uko juu. Homoni ya kiume imepanda, na pua yake sasa inasoma mkojo wa wenzake kama sisi tunavyosoma meseji: nani kapita, dume au jike, kitambo gani, jike yuko kwenye joto, yaani anataka dume, au la. Yeye naye anataka kujibu. Hana kisirani na wewe, wala hakukomoi kwa sababu ulimwacha peke yake mchana kutwa. Imani hiyo ya kukomolewa ndiyo inayoharibu kazi, maana anayeiamini hutafuta fimbo mahali pa ndoo.

Kuna mambo mawili yanayofanana na alama na siyo. Dimbwi kubwa sakafuni, katikati ya chumba, ni kibofu kilichojaa: mbwa hakutolewa kwa wakati, au hajafunzwa vizuri. Anayekojoa huku amejikunyata, masikio nyuma, pale unapoingia au unapomwinamia, ni mwoga au amezidiwa na furaha. Msalimie kwa upole, umgeuzie ubavu, umtolee salamu nje ya mlango, na ukimkemea utamzidishia.

La tatu ni ugonjwa, na hilo litangulie kila kitu. Mbwa anayekojoa matone mara nyingi, anayejikamua, anayejilamba uume bila kuacha au anayekunywa maji kupita kawaida yake aende kwa daktari wa mifugo kabla hujaanza mafunzo yoyote. Inaweza kuwa uambukizo wa njia ya mkojo au mawe kwenye kibofu. Mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawa, pamoja na homa, ulegevu na ufizi uliopauka, ni wa kukimbizwa siku hiyo hiyo: kupe wa huku kwetu huambukiza kimelea cha babesia, nacho hupasua chembe nyekundu za damu. Ukitakiwa kupeleka sampuli, tumia upawa wa plastiki uliotengwa kwa kazi hiyo. Acha matone ya mwanzo yapite, kinga ya katikati, mimina kwenye chupa safi isiyo na mabaki ya sabuni, na uifikishe ndani ya saa 2. Ukichelewa, iweke kwenye friji.

Mwambie daktari ahesabu korodani pia. Dume wa miezi 6 mwenye korodani moja tu inayoonekana huenda ya pili imekwama tumboni. Hiyo hutoa homoni kama kawaida, na ndiyo yenye hatari kubwa ya saratani baadaye.

Harufu kwanza

Wengi hapa ndipo wanapokosea. Wanapiga deki, nyumba inanukia sabuni ya maua, kesho kutwa mbwa amerudi kwenye kona ile ile. Kwa pua yako doa limekwisha, kwa pua yake limeandikwa kwa herufi kubwa. Mradi alama ya zamani ipo, anaona wajibu wa kuihuisha, na hapo mafunzo yako yote ni kutwanga maji kwenye kinu.

Tafuta madoa yote, pamoja na usiyoyashuku. Ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau wanayotumia mawakala wa pesa kukagulia noti inafaa sana. Ikiwa imeandikwa nanometa 365 ni bora. Za nanometa 395 ni rahisi kupatikana na zinafaa gizani kabisa. Zima taa usiku, funga mapazia, pita taratibu ukimulika ukuta na samani kuanzia kifundo cha mguu hadi gotini. Mkojo mkavu hung'aa manjano hafifu au kijani kibichi kilichofifia, mara nyingi ukiwa na umbo la matone yanayoteremka. Usidanganyike na pazia linalowaka lote kwa rangi ya samawati: hiyo ni sabuni ya unga ya kufulia. Weka alama ya chaki au kipande cha selotepu kila unapoona doa, kwa sababu ukiwasha taa yatatoweka machoni.

Vaa glavu. Mkojo wa mbwa unaweza kubeba bakteria wa leptospira, nao huingia mwilini kupitia mikwaruzo, macho na mdomo. Kama chanjo yake ya mseto haina leptospira, iulizie ziara ijayo.

Doa bichi likaushe kwanza kwa kitambaa au karatasi za chooni. Kandamiza, usisugue, kusugua kunalitandaza. Kisha maji ya baridi, kausha tena. Maji ya moto na mashine ya mvuke viache: joto hugandisha protini za mkojo ndani ya nyuzi za zulia. Baada ya hapo ndipo dawa.

Dawa bora ni ile yenye vimeng'enya, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya mbwa na paka na baadhi ya maduka ya dawa za mifugo. Kazi yake ni kuumega mkojo vipandevipande hadi kisibaki cha kunusa. Inataka muda na unyevu, kwa hiyo kupuliza na kufuta papo hapo ni kutupa hela. Loanisha doa mpaka dawa ifike kila mkojo ulikofika, funika kwa kitambaa kibichi, iache dakika 15 kwa doa bichi na usiku kucha kwa doa la zamani. Na isipite mahali palipopigwa Jik au dawa nyingine ya kuua vijidudu bila kusuuzwa sawasawa, maana dawa hizo huviharibu vimeng'enya kabla havijaanza kazi.

Ukiikosa, jikoni kuna mbadala. Changanya siki nyeupe na maji kiasi sawa, mimina juu ya doa, subiri dakika 10, kausha. Likishakauka, chukua haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa, mililita 250, tia kijiko kimoja kikubwa cha bakingi soda (si hamira, wala si yale magadi ya kulainishia maharage) na matone 2 au 3 ya sabuni ya vyombo. Mimina, acha dakika 15, futa, suuza. Soma chupa kabla ya kuchanganya: iliyoandikwa asilimia 6, au «volyumu 20», izimue kwa maji kiasi sawa. Jaribu kwanza pasipoonekana kwa sababu peroksaidi hupausha rangi. Mchanganyiko uliobaki mwaga. Ukiufungia kwenye chupa utatoa gesi na chupa itapasuka. Siki na peroksaidi zisikutane kwenye chombo kimoja, na siki isikutane na Jik hata kidogo, hutoa gesi ya klorini. Jik juu ya mkojo wenyewe nayo hutoa mvuke unaochoma macho na kifua. Ndiyo maana sipendi kuiona karibu na kazi hii, ingawa ndiyo ya kwanza kushikwa katika nyumba nyingi.

Siki nayo ina mipaka. Sakafu ya terazo, marumaru au saruji iliyosuguliwa huliwa na asidi na kubaki na mabaka yasiyong'aa. Hapo tumia dawa ya vimeng'enya, au sabuni ya vyombo na maji kisha peroksaidi peke yake. Kwenye vigae, tatizo haliko kwenye kigae, liko kwenye grauti ya katikati. Isugue kwa mswaki wa zamani. Ukuta wa rangi ya maji hunywa mkojo kama sponji. Ukishausafisha na kukauka, paka rangi ya mafuta kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, kama tunavyofanya kwenye korido za shule, na safari ijayo utafuta kwa kitambaa tu.

Kochi ndilo gumu kuliko yote. Mkojo umeshapita kitambaa, umeingia kwenye sponji na kwenye mbao laini za chini ambazo fundi hakuzipaka chochote. Vua foronya ukafue, kisha mimina dawa kwenye sponji kwa wingi unaozidi mkojo ulioingia. Weka taulo juu, likanyage kwa mguu, badilisha taulo, rudia hadi litoke kavu. Halafu toa juani. Pindua kochi lenyewe, safisha mbao za chini, zikikauka zipige vanishi. Mkeka wa ukindu uliolowa mara nyingi haurudi, utupe. Kochi la mitumba lina hatari yake: huenda lilikuja na alama za mbwa au paka wa watu wengine, nawe unamlaumu wako kwa kujibu barua aliyoikuta.

Pilipili, mafuta ya taa na vidonge vya nondo pembeni mwa ukuta ni mambo ya kusikia tu. Vidonge vya nondo ni sumu kwa mbwa, mafuta ya taa vilevile, na pilipili humwasha pua kisha hukojoa hatua moja pembeni.

Asipate nafasi

Kila alama anayofanikiwa kuweka ni mazoezi. Kwa hiyo kwa wiki 4 mfululizo mbwa huyu awe katika hali moja kati ya tatu: nje na wewe, ndani akiwa amefungwa kwako, au ndani ya kizimba chake. Ya nne, yaani kuzurura sebuleni wewe ukiwa unakaanga vitunguu, haipo.

Kumfunga kwako ni kamba ya mita 1.5 hadi 2, ncha moja kwenye mkanda wa shingo wa mbwa, nyingine kiunoni pako. Mnyororo usitumie, ni mzito na unaburuza samani. Kizimba kiwe na nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala amejinyoosha. Kikubwa zaidi ya hapo atakojoa kona moja na kulala nyingine. Muda wa saa 3 hadi 4 mfululizo wakati wa mchana ndiyo kikomo kwa kijana, na kwa joto la Dar au Mombasa kikae panapopita upepo, kamwe si chini ya bati uani. Kumpunguzia maji ili asikojoe ni ukatili na hakusaidii, kwani alama haitaki kibofu kilichojaa.

Vitu vya kishawishi viinue. Viatu viende kwenye rafu iliyo juu ya usawa wa mgongo wake, mifuko ya wageni kwenye kiti, gunia la mchele kwenye ndoo yenye mfuniko, na waya wa ekstensheni juu kabisa, kwa sababu mkojo na umeme havichezewi. Katika nyumba ya Waislamu jambo hili lina uzito zaidi, maana mkojo ni najisi na pahali pa sala panataka tohara. Mswala ukunjwe uwekwe juu, na chumba cha sala kiwe na mlango unaofungwa.

Kuna pia mkanda wa tumbo. Ni kitambaa cha pamba chenye upana wa sentimita 12 hadi 15 kwa mbwa wa wastani, kinazunguka tumbo na kufunika uume, kinafungwa mgongoni kwa velkro huku ndani pana pedi. Vidole viwili vipite chini yake. Kivue kila baada ya saa 2 au 3, na pedi ikilowa ibadilishwe mara moja, la sivyo ngozi itachubuka na uambukizo utapanda hadi kwenye kibofu. Mkanda unalinda kochi, haumfundishi mbwa kitu. Unafaa siku ya wageni.

Sasa mwangalie akiwa kwenye kamba. Hatoki tu akanyanyua mguu. Pua inashuka na kunata mahali pamoja. Kupumua kunabadilika, kunakuwa kwa haraka na kwa ndani, na mdomo unafungwa. Hatua zinafupika. Anasogea hadi bega linakaribia kugusa kona ya kochi, kisha anageuza mwili mpaka ubavu uelekee kitu chenyewe, uzito unahamia miguu ya upande wa mbali, na ule wa nyuma ulio karibu na kochi unakuwa mwepesi. Kati ya pua kunata na mguu kuwa mwepesi una kama sekunde 2. Hapo ndipo pa kuita jina lake kwa sauti changamfu, kupiga makofi mara moja, na kuondoka naye kuelekea mlangoni. Akikojoa nje, mpe kipande cha maini yaliyochemshwa, kidogo kama ukucha, papo hapo kabla hajashusha mguu vizuri. Ukingoja mrudi ndani ndipo umpe, umemtuza kwa kurudi ndani.

Ukichelewa, ukakuta doa, funga mdomo uchukue ndoo. Kumsugua pua kwenye mkojo au kumchapa dakika 5 baadaye humfundisha kitu kimoja tu: kwamba wewe ni hatari karibu na mkojo. Matokeo yake huacha kukojoa mbele yako hata huko nje, na huanza kuweka alama nyuma ya pazia ukiwa umelala.

Mahali palipokuwa na alama pabadilishe kazi. Ukishapasafisha, weka hapo bakuli lake la chakula au kitanda chake kwa wiki 2. Mbwa wengi hawakojolei mahali wanapokula wala wanapolala.

Huko nje

Mtoe akiamka, dakika 15 hadi 30 baada ya kula, baada ya kucheza, kabla ya kulala, na kila saa 3 au 4 kati ya hapo. Mbwa mwenye uwanja naye atembezwe nje ya geti, kwani uwanja wake ameshausoma wote. Fika mahali pamoja, sema «kojoa», simama. Mkojo wa kwanza mrefu ukitoka usigeuke nyumbani. Dume huweka akiba. Mpe dakika 5 nyingine anuse na aweke alama mbili tatu kwenye miti au nguzo unazoruhusu wewe, kisha tembea naye kichwa juu bila kusimama kila nguzo. Anayeruhusiwa kuweka alama kila hatua 10 barabarani hujiona ana kibali cha kufanya hivyo popote.

Halafu tazama kinachomchokoza. Mbwa wa mitaani wakikojolea geti lako usiku, asubuhi wako huingia ndani akiwa amepandwa na mori. Mwagia geti maji na sabuni kila asubuhi kabla hajatolewa. Kama anawaona kupitia dirisha la chini, weka pazia zito au bandika karatasi ya ukungu kwenye kioo. Jike wa jirani akiwa kwenye joto, jambo linalodumu takriban wiki 3 na kurudi kila miezi 6 hivi, rudi kwenye kamba na kizimba hata kama alikuwa ameshaacha kabisa. Mgeni mwenye mbwa kwake huja na harufu kwenye suruali. Mbwa awe amefungwa kwenye kamba kabla mlango haujafunguliwa, anuse, apewe kitu cha kutafuna.

Kuhasi

Je, kumhasi dume, yaani kumtoa korodani, kutamaliza alama? Swali hili huulizwa la kwanza, nami naliweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi huhasi kisha wakakaa kusubiri. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliochapishwa mwaka 1997, uliangalia madume 57 waliohasiwa wakiwa na tabia zenye usumbufu. Kwa alama za mkojo, angalau asilimia 60 walipunguza kwa nusu au zaidi, lakini walioacha karibu kabisa, yaani kwa asilimia 90 na kuendelea, walikuwa kati ya asilimia 25 na 40 tu. Umri wa mbwa na muda aliodumu na tabia havikubashiri matokeo, hivyo aliyechelewa hajakosa treni.

Homoni hushuka ndani ya siku chache, tabia huchukua wiki hadi miezi kufuata, na katika wiki za mwanzo anaweza bado kumpa jike mimba. Aliyeshakuwa mwoga wa wageni au wa radi na anakojoa kwa wasiwasi, kisu hakitamtibu. Hofu ya kwamba mbwa wa ulinzi atakuwa mzembe haina msingi mkubwa: mbwa aliyehasiwa bado hubwekea geti. Kinachobadilika ni uzito, kwa hiyo punguza chakula mapema kabla hajanenepa. Kwa jamii kubwa, hasa German Shepherd, zungumza na daktari kuhusu kusubiri avuke mwaka, maana kuhasi mapema kumehusishwa na matatizo ya viungo. Baada ya upasuaji avae koni ya shingoni, asiogeshwe hadi nyuzi zitoke, kwa kawaida siku ya 10 hadi 14.

Uhuru urudishwe kwa kipimo. Wiki 2 bila alama hata moja, fungua chumba kimoja, cha kwanza kiwe kile ambacho hajawahi kukikojolea. Wiki 2 nyingine, chumba cha pili. Alama ikitokea, funga chumba hicho tu, safisha, anza kuhesabu upya. Ukihama nyumba, pita na tochi usiku kabla ya kushusha kochi kwenye gari.